Vazi na Mwambiwa: Suala la Utambulisho katika Beni na Lelemama za Mombasa

1. Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo wachambuzi wa sanaa za maonyesho za pwani ya Afrika Mashariki wamekuwa wakiyauliza kwa muda mrefu, pana moja ambalo huulizwa kwa wepesi na kujibiwa kwa wepesi zaidi. Swali lenyewe ni hili: mcheza ngoma anapovaa vazi la kigeni na kufuata mlio wa ala ya kigeni, je, anabaki kuwa yeye, au amekwisha kuwa mtu mwingine?

Mombasa ni mahali panapostahili kuulizwa swali hili. Kisiwa hiki kimepokea watu, vitu na maneno kutoka kila upande wa Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Aidha, katika miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini vijana wake walicheza beni wakiwa wamevaa kama askari wa Kizungu, nao wanawake wake waliunda vyama vya lelemama vilivyokuwa na vyeo vilivyochukuliwa kutoka jeshi na serikali ya wakoloni. Wako waliosema kwamba huko kulikuwa ni kujidhalilisha. Wako pia waliosema kwamba kulikuwa ni kumdhihaki mtawala. Pande zote mbili zimelitazama vazi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo lina kasoro tangu kuundwa kwake. Hoja inayotetewa hapa ni kuwa utambulisho wa ngoma hauamuliwi na asili ya vazi wala asili ya ala, bali unaamuliwa na uhusiano baina ya anayeimba na anayeimbiwa. Kwa ajili hiyo istilahi ya mwambiwa itatumika, nayo itatofautishwa na hadhira. Hadhira ni wote waliopo uwanjani, wanaoelewa na wasioelewa. Mwambiwa ni yule ambaye maneno yanamhusu, anayeyafahamu, na ambaye ana uwezo na haki ya kuyajibu. Ngoma yaweza kuwa na hadhira kubwa mno na isiwe na mwambiwa hata mmoja. Tofauti hii, kama itakavyoonekana, ina uzito zaidi kuliko tofauti ya tarumbeta na zumari.

2. Hukumu tatu juu ya beni

Beni ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya mnamo miaka ya 1890. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapiga muziki. Wakati huo Mombasa ilikuwa imeingia chini ya himaya ya Waingereza (1895), ujenzi wa reli ya Uganda ulikuwa umeanza kisiwani humo (1896), na ng'ambo ya maji, upande wa bara ya kaskazini, walikuwako watumwa walioachwa huru wa Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisheni wa Church Missionary Society mwaka 1875. Gwaride, sare na muziki wa shaba vilikuwa ni mambo ya kuonekana na kusikika kila siku. Wachezaji wa beni walijipanga kama kikosi, wakavaa sare, wakapeana vyeo vya kingi, gavana na jenerali. Katika Mombasa vyama vya Kingi na Skochi vilipata sifa kubwa, na hawa wa pili walijulikana kwa mavazi ya askari wa milima ya Uskochi. Vita Kuu ya kwanza (1914–1918) iliwachanganya askari na wapagazi wa nchi nyingi, na kwa njia yao beni ikaenea Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Hukumu ya kwanza juu ya ngoma hii ilitolewa na maofisa wa serikali za kikoloni. Wengine waliicheka kama mwigo wa kitoto. Wengine waliiogopa, kwa sababu waliona ndani yake watu wanaojua kujipanga, kuchangishana fedha na kutii viongozi wasiowekwa na serikali. Baada ya mgomo wa wachimba shaba wa mwaka 1935 katika Rhodesia ya Kaskazini, tume iliyoundwa kuuchunguza ilisikiliza ushahidi juu ya vyama vya mbeni. Baadaye J. C. Mitchell (1956), katika uchunguzi wake wa ngoma ya kalela, alionyesha uhusiano wa ngoma hiyo na beni, na akaeleza mavazi maridadi ya wachezaji kuwa ni dalili ya kutamani heshima iliyofungamana na maisha ya Wazungu.

Hukumu ya pili ilitoka ndani ya mji wenyewe. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hadi kufa kwake, aliandika katika magazeti aliyoyaanzisha Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1930 juu ya hatari ya kuwaiga Wazungu. Lawama yake haikuwa nyepesi. Alilosikitikia ni kwamba Waislamu wa pwani walikuwa wakiyachukua ya juu juu na kuyaacha yale yaliyowapa Wazungu nguvu, kama vile elimu na bidii ya kazi. Makala hayo, yaliyokusanywa chini ya jina la Uwongozi, yalitolewa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 2017 chini ya uhariri wa Kai Kresse, na kwa hiyo ni rahisi sasa kuyapima.

Hukumu ya tatu ni ya wazalendo. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, aliwalaumu wasomi wa Tanganyika waliojifunza rumba na chachacha ilhali hawazijui ngoma za kwao. Lawama hiyo ilikuwa ya haki, na iliwatia ari watu wengi. Lakini yafaa kuangalia kwamba miongoni mwa ngoma alizozitaja kuwa ni za asili ilikuwemo lelemama. Hiyo ndiyo ngoma ambayo wanawake wa Mombasa walikuwa wameijengea vyama vyenye vyeo vya Kizungu, na ambavyo baadhi yake vilihusiana na vile vya beni. Vivyo hivyo mganda na malipenga, ngoma zinazochezwa kandokando ya Ziwa Nyasa na kuhesabiwa leo kuwa urithi wa wenyeji, ni watoto wa beni. Basi kipimo cha asili ya vazi na ala, kikitumiwa kwa uaminifu, kingezitoa katika orodha ngoma ambazo wenye kipimo hicho wamezitia wao wenyewe.

Mwanatarehe T. O. Ranger (1975) ndiye aliyezikataa hukumu hizi kwa ushahidi mwingi zaidi. Alionyesha kuwa beni haikuanza na tarumbeta, bali ilikuwa ni mwendelezo wa desturi ya kale ya miji ya pwani, yaani mashindano ya ngoma baina ya nusu mbili za mji. Kazi hiyo imebaki kuwa msingi. Hata hivyo Ranger aliuliza maswali ya mwanatarehe: nani aliunda chama, lini, na chama hicho kilisaidia nini katika maisha ya watu chini ya ukoloni. Swali la umbo la ngoma na la lugha yake halikuwa lengo lake, na ndilo linalobaki mikononi mwa wahakiki wa lugha.

3. Vazi na sarufi

Wanaisimu wana mfano ulio karibu nao. Neno linapokopwa na Kiswahili halibaki lilivyokuwa. Meza, bendera, leso na gereza ni maneno yenye asili ya Kireno, lakini hapana mzungumzaji anayeyasikia kama wageni, kwa kuwa yameingizwa katika ngeli na kutii upatanisho. Gereza limekuwa na wingi wa magereza. Neno lenyewe lilitoka kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na huko Mombasa limefungamana na Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno tangu 1593 na kutumiwa na Waingereza kama jela tangu 1895 hadi 1958. Vivyo hivyo neno beni: mtu husema "beni yetu imeshinda", na hapo hakuna Kiingereza kilichobaki. Kingi aliyekuwa mfalme mmoja wa Uingereza akawa jina la watu wengi wa upande mmoja wa mji: "Kingi wamekuja", "Kingi wameshindwa".

Mfano huu wa mkopo, hata hivyo, usivutwe kupita kiasi. Upatanisho wa ngeli hufanyika bila ya mzungumzaji kukusudia, ilhali mcheza beni alikusudia kabisa kuonekana kama Mskochi. Alitaka vazi litambulikane kuwa ni la kigeni, kwani huo ndio uliokuwa utamu wake. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba ugeni ulimezwa. Lililo sahihi zaidi ni kusema kwamba ugeni uliwekwa kazini. Vazi la Skochi halikuvaliwa ili Mzungu alione na kulikubali. Lilivaliwa ili Kingi walione na wakereke. Lilikuwa ni hoja katika ubishi, na ubishi huo ulikuwa baina ya watu wa mji mmoja, katika lugha moja.

Jambo hili si geni katika fasihi ya pwani. Katika kisa cha Fumo Liyongo, kama kilivyosimuliwa katika utendi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, shujaa akiwa kifungoni anampelekea mama yake ujumbe wa kishairi kupitia kwa kijakazi, akiomba afichiwe tupa ndani ya mkate. Kisha anaomba gungu lichezwe, na wakati ngoma imepamba moto anazikata pingu kwa tupa huku kelele zikiufunika mlio wa chuma. Uwanjani pana watu wengi. Wote ni hadhira. Lakini walioambiwa ni wachache, na wokovu wa Liyongo unategemea tofauti hiyo. Kisa hiki chafaa kusomwa na kila mhakiki wa ngoma za pwani, kwa sababu kinaeleza wazi kanuni ambayo beni na lelemama ziliifuata baadaye: ngoma huchezwa mbele ya wote, lakini husemwa na baadhi. Fumbo ndilo mpaka baina ya hao wawili.

4. Lelemama na haki ya kujibu

Kanuni hii hudhihirika zaidi katika lelemama, ambayo ilikuwa ngoma ya wanawake na ilidumu Mombasa kwa nusu nzima ya kwanza ya karne ya ishirini. Katika lelemama wachezaji husimama kwa mstari, wamevaa nguo za sare, na miondoko yao ni ya taratibu, ya mikono na kichwa zaidi kuliko ya miguu. Mgeni asiyejua lugha aweza kuitazama kwa saa nzima na kuondoka akidhani ameona jambo la upole. Kumbe maneno yanayoimbwa yaweza kuwa makali kuliko mkuki. Yalimtaja bila kumtaja mwanamke aliyevunja ada, au yaliuaibisha upande wa pili kwa karamu yake iliyokuwa hafifu.

Margaret Strobel, katika makala yake ya mwaka 1976 na kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza jinsi vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilivyoshindana. Ameeleza pia jinsi uzoefu wa uongozi na wa ushindani uliopatikana katika lelemama ulivyorithiwa na vyama vya wanawake vya miaka ya 1950 vilivyoshughulikia elimu na maendeleo. Naye Sarah Mirza pamoja na Strobel walitoa mwaka 1989 masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, na mwaka 1991 masimulizi hayo yakatoka kwa Kiswahili. Thamani ya chapa hiyo ya pili kwa wanafunzi wa lugha ni kubwa, kwa kuwa humo twaisikia lugha ambamo mambo hayo yalikumbukwa.

Jambo moja lapaswa kusisitizwa. Wimbo wa lelemama haukuwa kazi iliyokamilika. Ulikuwa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa ni jibu la upande wa pili, ambalo labda lingetolewa usiku uleule, au baada ya wiki, au katika harusi ya mwezi uliofuata. Chama kilichoimbiwa na kisiweze kujibu kilikuwa kimeshindwa mbele ya mji mzima. Kwa hiyo haki ya kujibu ilikuwa ndiyo uhai wa ngoma, na mtunzi alitunga akijua kwamba kila neno lake lingegeuzwa na kurudishwa. Watu wa namna hii hawawezi kusemwa kuwa waliiga tu kwa sababu kiongozi wao aliitwa kwa cheo cha Kizungu. Cheo kilikuwa ni cha kukopa, lakini deni la heshima lililodaiwa kati yao lilikuwa ni la kwao wenyewe.

Zaidi ya hayo, tusisahau hali ya wakati huo. Sheria za kikoloni za kodi na za upigaji kura ziliwagawa watu wa Mombasa kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, walijikuta wakibishania wapi waandikwe. Daftari la serikali lilimtaka kila mtu awe kitu kimoja tu. Uwanja wa ngoma haukudai hivyo. Humo mtu aliweza kuwa Mvita, Mwislamu na Skochi kwa usiku mmoja, na hakuna aliyemwona kuwa amepotea. Mhakiki wa leo anayedai usafi wa asili katika ngoma hizi yampasa ajihadhari asije akawa analifungua upya daftari lile lile.

5. Leso na mfano wa Japani

Hoja ya mwambiwa yaweza kupimwa nje ya ngoma, katika kitu kinachovaliwa na wachezaji wenyewe. Leso, kama kanga inavyoitwa Mombasa, imepigwa chapa katika nchi nyingi, na kwa miaka mingi ya karne ya ishirini Japani ilikuwa mojawapo ya nchi hizo. Wafanyabiashara wa Mombasa, kama vile duka la Kaderdina Hajee Essak linalojulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, walipeleka ng'ambo michoro na majina, na nguo ikarudi ikiwa tayari. Fundi wa Japani aliyelipiga chapa jina la leso hakulielewa. Lakini nguo hiyo ikivaliwa katika Mji wa Kale, mwanamke aliyeinunua akipita mbele ya mlango wa jirani aliyekosana naye, jina linasomwa na linauma. Jirani naye atatafuta leso ya kujibu. Hakuna anayeiita leso hiyo nguo ya Kijapani, ingawa uzi, rangi na chapa vilitoka huko. Imekuwa ya Kiswahili kwa sababu imempata mwambiwa.

Wajapani wenyewe wamekabiliwa na suala hilihili katika dansi zao, na ulinganisho unafaa. Ito Michio, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1893, alikwenda Ulaya akiwa kijana na kusoma katika shule ya Emile Jaques-Dalcroze huko Hellerau, Ujerumani. Mwaka 1916 huko London alicheza kama mlinzi wa kisima mwenye umbo la mwewe katika tamthilia ya W. B. Yeats iitwayo At the Hawk's Well, ambayo Yeats aliitunga kwa kuvutiwa na maonyesho ya Noh. Ito hakuwa amefunzwa Noh. Watazamaji wa London waliiona Japani katika mwili wa kijana aliyekuwa amekwenda Ulaya kujifunza sanaa ya Ulaya. Palikuwa na vazi na hadhira, lakini aliyeweza kuyapokea maneno ya Noh na kuyajibu hakuwapo chumbani.

Kwa upande wa pili yuko Ohno Kazuo (1906–2010). Yeye alifunzwa na Eguchi Takaya, ambaye alikuwa amesoma Ujerumani kwa Mary Wigman. Kwa hiyo katika miondoko yake mlikuwa na mkondo wa Ulaya. Yeye pamoja na Hijikata Tatsumi (1928–1986), ambaye onyesho lake la Kinjiki lilitolewa Tokyo mwaka 1959, ndio waliozaa butoh. Onyesho lile liliwaudhi wakuu wa dansi wa Tokyo, na kuudhi huko ndiko kunakotupa ushahidi. Hijikata alikuwa akisema na watu wake, nao walimwelewa kiasi cha kukasirika. Tukilinganisha, Skochi wa Mombasa yuko karibu zaidi na Hijikata kuliko alivyo na Ito. Kilt ya kwake ni kama mkondo ule wa Ujerumani: ni malighafi ya ubishi wa nyumbani.

6. Mwambiwa anapoondoka

Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi hatari inayozikabili ngoma za Mombasa imekuwa ikitafutwa mahali ambapo haipo. Chakacha ni ngoma ya wanawake ya harusi, yenye miondoko ya kiuno, na nyimbo zake huwa na mafumbo ya unyumba yanayomhusu bibi harusi na wenzake. Tangu utalii wa pwani ulipokua katika miaka ya 1970, chakacha imekuwa ikionyeshwa katika hoteli za ufukoni. Pale wachezaji huvaa leso, hupiga ngoma za mbao na ngozi, na hakuna tarumbeta wala kilt. Kwa kipimo cha vazi na ala, onyesho hilo ni safi kuliko beni yoyote. Lakini maneno yake yanakwenda kwa watu wasioyafahamu. Fumbo halina wa kulifumbua, na hakuna atakayejibu. Mwimbaji akigundua hivyo huacha kutunga. Hurudia ubeti mmoja mwaka baada ya mwaka, na mwishowe kiuno hubaki peke yake.

Hali inayofanana na hiyo, ingawa kwa nia njema zaidi, hutokea katika kumbi za taifa. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971, ilifanya kazi muhimu ya kuhifadhi miondoko ya ngoma za makabila mengi kwa kutumia kundi moja la wachezaji. Kundi hilo lakini, kwa muundo wake, haliwezi kuwa na upande wa pili. Ngoma ya mashindano isiyo na mshindani imehifadhiwa kama kipepeo kilichobanwa kwa pini: rangi zote zipo.

Haisemwi hapa kwamba kila wimbo uliotungiwa wageni ni duni. "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, kundi lililoanzia Mombasa, ulitolewa mwaka 1982 na mwambiwa wake ni mtalii waziwazi. Unamsalimu, unamuuliza hali, unamkaribisha, tena kwa Kiswahili chepesi anachoweza kukijibu. Wimbo huo unajua unasema na nani. Chakacha ya hotelini haijui, na hiyo ndiyo kasoro yake.

Kwa upande mwingine wa mizani, waweza kuwekwa mfano wa taarabu ya Mohamed Khamis Juma Bhalo (1942–2014). Yeye aliimba mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtunzi wa Malenga wa Mvita (1971), kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Wako waliomlaumu kwa mahadhi hayo. Lakini mashairi yalitii vina na mizani, yalisikilizwa neno kwa neno katika harusi za Mji wa Kale, na watu walibishana kesho yake ni nani aliyekusudiwa. Kwa kipimo kinachopendekezwa hapa, nyimbo hizo zina haki zote za uraia.

7. Pingamizi na hitimisho

Pingamizi kubwa lazima likabiliwe. Yaweza kusemwa kwamba mwambiwa ni kipimo cha kuwafungia watu nje. Walioweza kujibu katika uwanja wa Mji wa Kale ni waliojua lugha, ada na siri za mji. Mwenye asili ya utumwa, Mmijikenda aliyekuja kutoka bara, au kibarua kutoka mbali, wote hawakuwa na nafasi sawa. Pingamizi hili ni la kweli kwa sehemu. Strobel mwenyewe ameonyesha kwamba lelemama iliwakutanisha wanawake wa tabaka mbalimbali na wakati huohuo ikayalinda matabaka hayo. Lakini kujifunza kujibu ndiyo njia iliyokuwa wazi kuliko nyingine. Nasaba haikuweza kununuliwa wala kufundishwa, ilhali fumbo liliweza kufundishwa, na aliyelijibu vizuri hakuweza kunyamazishwa kwa urahisi. Beni ilipofika Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland haikubaki mikononi mwa wana wa Mombasa. Watu wa huko waliifanya yao kwa njia hiyohiyo, kwa kuwaimbia washindani wao wenyewe.

Kuhusu lawama ya Sheikh al-Amin, jibu la haki ni kwamba ilihusu matumizi ya mali na wakati, na kuacha elimu. Katika hayo ngoma ilistahili kulaumiwa mara nyingi, kwani fedha nyingi za mji zilikwenda katika karamu na sare. Uhakiki wa sanaa hauna haja ya kuikanusha lawama hiyo. Unachopaswa kukataa ni kuitumia kama ushahidi kwamba wachezaji hawakujijua.

Yapo matokeo ya vitendo kwa idara za lugha. Wanafunzi wanaotumwa Mji wa Kale kukusanya nyimbo hurudi na maneno, majina ya ala, na maelezo ya mavazi na miondoko. Aghalabu hawarudi na jibu. Mkusanyaji anaandika wimbo wa Kibokoni kama shairi linalojitegemea, wala haulizi uliimbwa dhidi ya nani, wala upande wa pili ulisema nini. Matokeo yake ni kwamba hazina zetu zimejaa nusu za mazungumzo, na wahakiki wanazifasiri nusu hizo kana kwamba ni kazi kamili. Kila wimbo wa mashindano wapaswa kuandikwa pamoja na jibu lake, na pale ambapo jibu limepotea, pengo hilo liandikwe mahali pake. Wazee walioziimba lelemama za mwisho wanapungua, na walio hai wanakumbuka upande wao vizuri kuliko upande wa pili. Yafaa kuwatafuta wa pande zote mbili, tena katika nyumba zao tofauti, kabla ya nusu iliyobaki kuwa ndiyo yote tuliyo nayo.